Moyo Mbio, Hatua Sifuri

Zilikuwa zimebaki siku nane tufunge nikaha nilipomwacha Victoire, na nilimwacha kwa sababu ya saa. Ni ile saa ya mkononi ya mkanda wa mpira, inayohesabu hatua na mapigo ya moyo. Nilimvisha mwenyewe, na mwenyewe nikaitumia kumnyonga.

Mimi nauza saa hizo. Nina kibanda Kikuubo, kwenye soko la jumla, ndani ya jengo ambalo mtu akipita na boksi la biskuti kichwani, wewe unajibana ukutani kama tangazo. Naziuza kwa dazeni kwa watu wanaopeleka Arua, Gulu na Juba. Shule niliiacha darasa la sita, lakini kwenye saa hizi hakuna wa kunifundisha. Na mteja namwambia ukweli, kwa sababu mteja wa jumla ukimdanganya mara moja harudi. Namwambia: ukitembea mikono ikiyumba, itakuhesabia hatua vizuri. Ukisukuma toroli haitahesabu kitu, maana mkono umetulia. Ukifua nguo itakupa hatua elfu mbili na hujaondoka kwenye beseni. Ukipanda boda kwenye njia ya mashimo itasema umetembea. Usingizi inakisia tu. Ukilala umeikodolea dari macho, asubuhi itakupongeza kwamba ulilala kama mtoto.

"Na moyo?" mteja huuliza.

"Kwenye moyo haikosei sana. Ikaze mkononi tu, isilegee."

Nilikuwa na sababu ya kujibu hivyo. Mwaka juzi nilikuwa nimekaa kibandani, sijabeba kitu, saa ikaanza kunitetemekea mkononi. Mapigo mia moja arobaini na sita. Nikasema mali mbovu hii. Nikamvalisha jirani yangu Wahabi, anayeuza chaja na betri, ikasoma sabini na nne. Nikairudisha kwangu, mia moja arobaini na nne. Nilikwenda zahanati nikicheka. Daktari hakucheka. Alisema moyo wangu unapiga bila mpangilio, na kama ningechelewa miezi kadhaa ningepooza upande mmoja. Tangu siku ile nameza vidonge, na tangu siku ile nikiambiwa jambo na mtu na jambo jingine na saa, naamini saa.

Huyo ndiye mwanaume aliyempenda Victoire. Nilikuwa na miaka arobaini na sita, mjane, bila mtoto. Yeye alikuwa na thelathini na tatu, ametoka Bukavu, anashona vitenge Ggaba karibu na soko la samaki. Alikaa na kaka yake Anselme, mzee wa kanisa, mtu ambaye hata salamu anaitoa kama anahubiri. Anselme hakutaka dada yake aolewe na Mwislamu. Mama yangu, Sitti, hakutaka mwanawe amuoe Mkongomani. Sisi ni Wanubi wa Kawempe, na mama alikuwa amekwisha kunichagulia Rashidah wa Bombo, binti wa watu anaowajua hadi makaburi yao. Ilibidi mjomba Abdunoor, mkubwa wa ukoo, agonge fimbo sakafuni na kusema: "Kijana ana mvi. Mwacheni aoe." Mama akanyamaza. Nilidhani amekubali.

Saa nilimpa Victoire baada ya yeye kuanguka kazini. Daktari alisema damu yake ni chache. Nikamfunga mkononi, nikaiunganisha na simu yake na yangu ili nione mapigo yake popote nilipo.

"Usiivue," nikamwambia.

"Hata nikioga?"

"Haiingii maji."

"Hata nikilala?"

"Hata ukilala."

Akaitazama, akanitazama mimi, macho yake yakacheka kabla ya mdomo. "Basi weye umenioa kabla ya nikaha."

Jioni nilikuwa namtania. Mashine yake ni ya kukanyaga, miguu inafanya kazi kutwa nzima na mikono inaongoza nguo tu. Saa ilimwandikia hatua mia saba.

"Leo umelala," namwambia kwenye simu. "Hatua mia saba! Kuku wa mama anakushinda."

"Nimekanyaga tangu asubuhi, Latif. Hii saa yako inajua mikono tu, miguu haiijui. Ni kama wewe."

"Mimi tena nimefanya nini?"

"Unajua kushika. Kutembea hadi Ggaba hujui."

Nilikuwa nacheka peke yangu kama mwehu, wateja wakinitazama. Nilimpenda. Nasema wazi, kwa sababu kinachofuata kitawafanya mdhani sikumpenda.

Ilikuwa Alhamisi, saa tisa na nusu alasiri. Kikuubo imejaa, jasho, kelele, watu wanavuta mizigo. Nilifungua simu kama nilivyozoea, nimwone mchumba wangu anavyopumua. Nikaona mia moja thelathini na nane.

"Nani huyo anakimbia mbio za marathoni?" Wahabi akauliza. Alikuwa amesimama nyuma ya bega langu na chai yake.

"Victoire."

"Hatua ngapi?"

"Sifuri. Tangu saa tisa na dakika tano hajapiga hata moja."

"Joto la ngozi?"

"Limepanda."

Wahabi akaweka kikombe chini polepole, kama mtu anayepisha maiti. "Banange. Moyo mia na thelathini na nane, hatua sifuri, jasho mchana kweupe. Hajji, hiyo kazi haifanywi wima."

"Funga mdomo."

"Mimi nafunga. Lakini wewe ndiye unayewaambia wateja kwamba kwenye moyo haikosei. Au leo imeanza kukosea?"

Nilimpigia. Simu ikaita ikakata. Nikapiga tena, ikakata. Mara ya tatu akapokea, anahema.

"Uko wapi?"

"Niko... niko kazini."

"Mbona sisikii cherehani?"

"Nimepumzika kidogo. Latif, nitakupigia, sawa?"

Nyuma yake mtu akakohoa. Kikohozi kimoja, kizito, cha kifuani. Kisha simu ikakatwa. Niliamua palepale kwamba kile ni kikohozi cha mwanaume. Mapigo yake yalibaki juu kwa dakika arobaini. Niliyatazama yote, dakika kwa dakika, na kila mteja aliyekuja nilimwambia hakuna mali.

Ijumaa baada ya sala nilikwenda Ggaba kimya kimya. Victoire hakuwapo, alikuwa amekwenda kununua uzi mjini. Nilimuuliza Acayo, mama muuza samaki wa meza ya jirani: "Jana mchana Victoire alikuwepo?"

"Jana? Jana alifunika mashine saa sita, akaoga, akajipaka mafuta, akaenda zake," akasema huku anakata kichwa cha sangara. "Alikuwa anang'aa, bambi. Si alikuwa anakuja kwako?"

Jumamosi asubuhi nilimwita Victoire nyumbani kwa mama, Kawempe. Ningeweza kuongea naye pembeni, wawili. Sikutaka. Nilitaka shahidi.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, anasuka kawa ya kufunikia chakula, nyuzi nyekundu na za kijani zimemzunguka. Alikuwa amewasha ubani kwenye vyetezo viwili, chumba kizima kinafuka hadi macho yanawasha. Nilimuuliza kuna nini. Akasema nyumba ina mbu.

Victoire aliingia na furushi kifuani. Gauni refu, mikono hadi kwenye viganja, kitambaa kichwani. Lile furushi lilikuwa gauni la nikaha, alilishona mwenyewe. Alimpigia mama magoti, akamsalimia. Kisha akanitazama kwa macho ya mtu aliyebeba siri tamu. Niliyaona. Nikayasoma vibaya.

"Alhamisi saa tisa ulikuwa wapi?"

Tabasamu likamtoka. "Nilikuwa kazini."

"Nimefika Ggaba. Mashine ilifunikwa tangu saa sita. Uliondoka umeoga, umejipaka mafuta."

"Ulienda kuniuliza kwa watu?"

"Ulikuwa wapi?"

Alimtazama mama. Mama alivuta uzi mwekundu, akaukata kwa meno.

"Latif," Victoire akasema kwa sauti ya chini, "kuna mambo mwanaume haulizi wiki ya ndoa."

"Hiyo mmefundishwa Bukavu?"

"Hapana. Si Bukavu."

Nikatoa simu, nikaiweka mbele ya uso wake. "Unaona hii? Mia moja thelathini na nane. Dakika arobaini. Hatua sifuri. Nieleze mwanamke mzima anafanya nini mchana, moyo unakwenda hivi, na miguu haigusi chini."

Alisoma ile namba. Nikaona ameelewa ninachowaza, na uso wake ukabadilika kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto wake. Akageuka tena kwa mama.

"Mama."

"Ee, binti."

"Mama, niseme?"

"Useme nini?" Mama hakuinua macho. "Kama una la kumwambia mchumba wako, mwambie. Mimi nimekufunga mdomo?"

Walitazamana. Mama sasa alikuwa ameinua uso, na alimtazama Victoire muda mrefu, bila hasira, kama mtu anayesubiri chungu kichemke. Mimi nilidhani Victoire anamwomba mama amtetee. Nilimwonea haya.

"Basi sina la kusema," Victoire akasema.

"Huna?"

"Sina, Latif. Nakuomba kitu kimoja. Nitazame. Si simu. Mimi."

Sikumtazama. Niliendelea kushika simu, na niliona mapigo yake ya wakati ule ule, mia moja na kumi na mbili, na nikasema, Mungu ananisikia: "Hata sasa moyo wako unakiri."

Kisha nikayasema mengine. Nilisema nilimwokota Ggaba kwenye magamba ya samaki. Nilisema wanawake wa kwao wamezoea kulala popote wanapopata paa. Nilisema gauni lile ampelekee yule wa Alhamisi. Alisimama tu, furushi mikononi, midomo imekauka. Angelia labda ningeacha. Hakulia, na kutolia kwake kukanichoma zaidi. Nikampigia simu Anselme, nikaweka spika.

"Mzee Anselme, dada yako ni malaya. Njoo umchukue."

Nilisikia mlango ukifungwa upande wa pili. Kisha: "Nilijua. Mungu ni shahidi, nilijua hiyo ndoa ni ya kuzimu. Umemkuta na nani?"

"Muulize yeye."

"Victoire, unanisikia? Usirudi kwangu. Nina mabinti wawili humu ndani. Usilete hiyo aibu kwenye nyumba ya Bwana."

"Anselme," akaita Victoire. "Yaya Anselme, kaka yangu, ngoja kwanza." Simu ikakatwa.

Ubani ulikuwa bado unapanda. Victoire akaweka furushi kwenye mkeka. Akaingiza vidole ndani ya mkono wa gauni, akafungua saa bila kukunja nguo, akaiweka juu ya furushi.

"Hii kitu inajua moyo unakimbia," akasema. "Haijui unamkimbilia nani."

Akamgeukia mama, akapiga magoti tena kama mtu anayeaga nyumba ya watu wema. "Asante kwa Alhamisi, Mama," akasema.

Mama akakohoa, akarudi kwenye uzi wake.

Nilisikia lile neno, Alhamisi. Nililisikia kwa masikio haya mawili. Nikadhani ni kejeli. Kwenye simu yangu mapigo yake yalikuwa yamegeuka vistari viwili, kama inavyofanya saa ikivuliwa. Nyayo zake hazijaisha uani, mama akasema:

"Rashidah bado hajaposwa."

Jumatatu nilifungua kibanda. Saa ya Victoire ilikuwa mfukoni. Niliamua kuifuta kumbukumbu, niisafishe, niirudishe kwenye boksi, niiuze. Nilitaka imfae mtu mwingine na mimi niwe nimemaliza. Nikachukua pamba na spiriti, nikaukunja ule mkanda wa mpira nisugue upande wa ndani. Harufu ikanipanda puani.

Nilikaa chini.

Kila Mnubi anaijua harufu ile. Mwanamke wa kwetu anapokaribia kuolewa, wanawake humkalisha juu ya shimo dogo lenye makaa na kuni za mgunga na msandali. Humfunika blanketi zito shingoni hadi chini, akakaa humo moshi unampanda mwilini, anatoka jasho kama mvua. Anakaa bila kusogea. Moyo unakwenda mbio, miguu haigusi kitu. Ngozi inashika rangi na harufu kwa wiki kadhaa. Na bwana harusi haambiwi siku wala nyumba. Wanawake wana msemo wao: moshi ukitajwa kwa mwanaume, haushiki. Binti huapishwa asiutaje hadi siku ya ndoa, na anayemwapisha ni yule anayemfukiza.

Wahabi alikuwa anakula sambusa. "Hajji, vipi, saa imekufa?"

"Nusa hii."

Akanusa. Yeye naye ni Mnubi, bibi yake alikuwa mfukizaji. Sambusa ikabaki hewani. "Hii ni ya bi harusi," akasema. Kisha akahesabu kichwani, nikaona anavyohesabu. "Alhamisi?"

"Alhamisi."

Hapo nikaelewa na vile vyetezo viwili vya Jumamosi: mama alikuwa anaizamisha harufu hii.

Nilimkuta mama uani anapepeta mchele.

"Alhamisi ulimfukiza Victoire."

"Nilimfukiza." Hakusita hata kidogo. "Mjomba wako alikuja hapa akaniambia kama yule anaingia ukoo huu, aingie kwa njia yetu. Nikamwita, nikamfukiza."

"Na ulikuwa umekaa hapa nikimwita malaya!"

"Nilikuwa nimekaa."

"Alikuuliza aseme. Alikuomba ruhusa mbele yangu!"

"Na nikamjibu. Nilimwambia simfungi mdomo. Angesema."

"Na angesema, ungekubali kwamba ulimfukiza?"

Mama alitoa punje moja nyeusi kwenye mchele, akaitupa. "Hapana," akasema.

Yeye akaendelea kupepeta, na akaendelea kuzungumza kwa sauti ile ile.

"Nilimwambia avue hilo dude lako kabla sijamfunika. Akakataa. 'Nimemwahidi, Mama.' Nikamwambia moto utamchoma mkono, akasema utachoma. Mabinti wetu dakika ya ishirini wanalia watolewe. Yule alikaa arobaini. Ulipopiga simu nikamwambia asipokee, akatoa mkono akapokea, eti utaingiwa na wasiwasi."

"Kwa hiyo ulimwona ni mwema."

"Niliona ni imara. Kumtaka ni jambo jingine."

"Mama, umeniharibia maisha."

Hapo ndipo aliweka ungo chini, akanitazama usoni. "Mimi? Uliniuliza, Latif? Umeingia ndani ya nyumba hii, mama yako amekaa hapa, ukaiuliza simu. Ungeniuliza, Mama, huyu alikuwa wapi, labda Mungu angenishika ulimi. Hukuniuliza. Sikiliza nikwambie, na kamwambie na mjomba wako. Mimi nilimfukiza. Wewe ulimfukuza."

Akaokota ungo wake.

Nilikwenda Ggaba siku ile ile. Mashine haikuwa mahali pake. Anselme alikuwa ameinunua yeye, na Jumapili baada ya ibada aliibeba. Victoire nilimkuta kwenye meza ya Acayo, ameshika kisu, anaparuza magamba ya samaki. Yalikuwa yamemrukia hadi kwenye nyusi. Nilikumbuka nilichomwambia, nikatamani ardhi inipasukie.

Acayo aliniona kwanza. "Wewe," akasema, "mbele ya visu vyangu usije na maneno mengi." Kisha akasogea hatua tatu, asisikie, lakini akisikia.

"Najua kuhusu Alhamisi," nikasema.

"Mama yako alikwambia?"

"Mkanda wa saa ulinuka."

Akaacha kuparuza. Alicheka kidogo bila furaha. "Kumbe hata leo ni saa ndiyo imekwambia."

"Victoire, kwa nini hukusema? Kiapo ni kiapo, lakini ungesema!"

"Nilimwona mama yako anavyonitazama. Nikajua nikisema moshi, atasema moshi gani. Na wewe ungemwamini yeye." Akafuta kisu kwenye aproni. "Halafu ju ya nini hukuniuliza vizuri? Ungesema, Victoire, umekuwa na mwanaume? Ningejibu hapana. Hiyo sikuapa kuificha. Lakini hukuuliza hiyo. Uliuliza nilikuwa wapi, kama polisi."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe jana kanisani, kabla hawajaniambia nitoke kwenye kwaya."

"Basi turudi. Nikaha ni Jumapili. Mjomba nitamweleza, Anselme nitampigia magoti mbele ya kanisa lake lote. Nitasema nilikosea."

"Utasema. Na mimi kila nikipanda ngazi nitawaza, sasa hivi moyo unakwenda mbio, Latif atauliza niko na nani. Nikiota ndoto mbaya, nitaamka kukueleza. Hapana."

"Sitakuvisha tena saa."

"Wewe mwenyewe ni saa."

Mikono ya gauni alikuwa ameikunja kwa ajili ya kazi, na ndipo nikaona. Ngozi yake yote ilikuwa imeshika ile rangi ya moshi, ya shaba, inayong'aa, rangi ya bi harusi wa kwetu. Mkono wa kushoto tu ndio ulikuwa na pete pana ya ngozi iliyofifia, pale mkanda ulipozuia moshi usiingie.

"Bado unanipenda?" nikauliza. Mwanaume akikosa la kusema huuliza hilo.

Alinitazama. Ulikuwa ule mtazamo niliokuwa nimemwomba Mungu njia nzima. Kisha akachovya mkono kwenye ndoo, akauosha magamba, akaukausha, akaninyooshea.

"Leo huna simu. Pima."

Niliushika. Nikaweka vidole viwili juu ya ile ngozi iliyofifia. Chini yake mshipa ulikuwa unaruka kama ndege aliyeshikwa.

"Unakimbia," nikasema.

"Ndiyo. Unakimbia."

"Basi—"

"Na bado siji."

Akauchukua mkono wake taratibu, akarudi kwenye samaki. Acayo akasogea, akasimama kati yetu, akaniuliza kama nanunua.

Hesabu yake ni hii. Victoire alipoteza kaka, na wasichana wawili wa kaka yake waliokuwa wanamwita shangazi. Alipoteza chumba, akalala kwa Acayo wiki tano, watu sita kwenye vyumba viwili. Alipoteza cherehani na wanawake kumi na wanne waliokuwa wanamletea vitenge. Alipoteza nafasi yake kwenye kwaya, miaka mitatu sauti ya kwanza. Mwezi wa pili tangu siku ile alipanda basi la Hoima na begi moja, na namba yake ya simu haiiti tena. Mjomba Abdunoor hakanyagi kwa mama. Mimi nakanyaga, namnunulia mchele na dawa, nafikisha mlangoni, na hatujala pamoja tangu siku ile. Rashidah aliolewa na mtu wa Luwero. Gauni bado liko nyumbani kwangu, halijavaliwa. Ndoa moja, nyumba moja ya kaka, kazi moja, ukoo mmoja uliogawanyika. Na mwanamke mmoja wa miaka thelathini na mitatu, ambaye hakuwa amefanya kosa lolote.